Nilivyoifuata herufi 鹿 mpaka Kichina cha kale kikaanza kusomeka

Kichina cha kuzungumza nilikuwa nakimudu vizuri. Tatizo lilikuwa maandishi ya kale: herufi moja moja nazijua, sentensi nzima haifunguki. Orodha za kukariri zilinichosha, nikaamua kuchagua herufi moja na kuifuata kitabu hadi kitabu. Nilichagua 鹿, lù, yaani ayala, yule wa Zaburi ya 42 mwenye pembe za matawi. Niliipendea sura yake tu.

Nilianza na Shuowen Jiezi, kamusi ambayo Xu Shen aliimaliza yapata mwaka 100 BK. Anasema kwa kifupi kwamba ni mnyama, na herufi inafuata umbo la kichwa, pembe na miguu minne. Humo nikakutana na ndugu zake. Vumbi, 塵, liliandikwa zamani kwa ayala watatu na udongo, kundi likitimua mbio. (Mwandiko uliorahisishwa umewafukuza wote ukabaki 尘, “udogo” juu ya udongo. Siupendi.) Qilin naye, 麒麟, mnyama wa heri, ana 鹿 katika herufi zake zote mbili. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipofika kwa mfalme Yongle alipokewa kama qilin, na mpaka leo Wachina humwita twiga 长颈鹿, ayala wa shingo ndefu. Mtu wa pwani hawezi kuupita ukurasa huo haraka.

Kilichonifungulia sentensi hasa ni kutazama kitenzi kilichokaa jirani na ayala. Akilia, 鳴, jua tumeingia karamuni. Katika Shijing, kitabu cha kale cha mashairi, ayala wanalia yōu yōu huku wakila majani ya porini, na mwenyeji anawapigia wageni ala za nyuzi na za kupuliza. Wafafanuzi wa kale walieleza kwamba ayala akipata malisho huwaita wenzake, ndiyo maana karamu ya waliofaulu mitihani ya serikali ikaitwa kwa jina la shairi hilo. Jina la Tu Youyou, aliyepata Nobeli ya tiba mwaka 2015 kwa artemisinini, dawa ya malaria, limetoka kwenye mlio huohuo. Beti la pili hata linataja mmea wa hāo, na artemisinini hutoka kwenye qīnghāo. Aliyewahi kumeza dawa mseto ya malaria ameonja sehemu ya habari hii.

Akikimbizwa, 逐, mambo yamegeuka: hapo ayala ni utawala. Katika Shiji, kitabu cha historia cha Sima Qian, Kuai Tong, mshauri aliyeshtakiwa kwa kumchochea jenerali aasi, anajitetea mbele ya Gaozu, mfalme wa kwanza wa nasaba ya Han, kwamba Qin, nasaba iliyotangulia, ilimpoteza ayala wake na dunia nzima ikamkimbilia. Ukiwaza windo, utetezi wake hauna maana. Ukiwaza kiti cha enzi, unaelewa kwa nini alisamehewa.

Akinyooshewa kidole, 指, ni habari ya Zhao Gao, waziri mkuu wa Qin. Mwaka 207 KK alimpelekea mfalme wa pili wa Qin ayala akisema ni farasi, kisha akawatazama maofisa. Waliothubutu kusema ni ayala aliwatafutia mashtaka baadaye.

Michoro ya heri ilikuwa rahisi: lù ya ayala inatamkwa sawa na 祿, mshahara wa ofisa, kwa hiyo ayala ukutani ni dua ya cheo.

Mbinu yangu iligota kwenye Yijing, kitabu cha kale cha ubashiri, katika heksagramu (alama ya mistari sita) ya 3: 即鹿无虞. Kitenzi 即 ni kukaribia tu, na mtu hukaribia chochote. Wapo wa kale walioisoma 鹿 hapo kama 麓, chini ya mlima, na wengine wakamwacha mnyama. Mimi nipo na wa mnyama, kwa sababu 虞 ni ofisa wa misitu aliyewaongoza wawindaji, na mstari unaendelea kwa kuonya kwamba bila yeye utaingia tu msituni. Asiyewinda angemhitaji wa nini?