Alama za vikosi kwenye vipande vya kadibodi

Jamani, siku hizi nacheza michezo ya vita ya mezani, ile yenye ramani iliyogawanywa kwa vyumba vya pembesita, na kilichoniteka zaidi ni alama. Kipande chenyewe cha kadibodi, kinachowakilisha kikosi, hakizidi ukucha wa kidole gumba, lakini kinaeleza mengi. Mstatili wenye mistari miwili iliyopishana ni askari wa miguu. Inasemekana ni mikanda ya risasi kifuani. Mshazari mmoja ni wapanda farasi. Nukta nyeusi ni mizinga, duaradufu ni vifaru. Ukiona duaradufu na mistari iliyopishana pamoja, hao ni askari wa miguu wanaokwenda vitani kwa magari ya deraya. Majeshi ya NATO hadi leo yanatumia alama za ukoo huohuo.

Juu ya mstatili ni ukubwa: II batalioni, X brigedi, XX divisheni. Chini ni tarakimu za nguvu na mwendo.

Juzi tulitandaza ramani ya Burma ya 1944, nikaokota Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mistari imepishana, XX juu. Nilisisimka! Hao ni askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), walioteremka Bonde la Kabaw kwenye tope zito na mvua hadi Kalewa, kando ya Mto Chindwin. Wenzangu walitaka niwaweke nyuma kama akiba. Nilikataa katakata. Niliwatanguliza, na kila ugavi ulipochelewa kuwafikia niliumia kweli.