Bisibisi Mfukoni

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Ilikuwa kama saa nne kasorobo. Sisi wa Kahawa West tulidhani ni transfoma ya mtaa, kama kawaida, mpaka simu zikaanza kuingia kutoka Kisumu na Mombasa: huko nako giza. Hata uwanja wa ndege wa JKIA jenereta ilikataa kuwaka.

Yangu iliwaka nilipovuta kamba mara ya pili. Ni ndogo, ya petroli, kilowati mbili na nusu, niliyouziwa na mtu aliyekuwa akihama. Niliiweka nyuma ya nyumba, mbali na madirisha kwa sababu ya moshi, nikapitisha ekstensheni mlangoni. Kuichomeka kwenye soketi ya ukutani ili ilishe nyumba nzima sikuthubutu. Ujinga wangu wa usiku huo ulikuwa wa aina nyingine.

Friji ilikuwa na insulini ya Mama, kwa hiyo ilitangulia. Kisha TV. Lakini taa haikutulia: injini inakohoa, taa inafifia, inarudi, inafifia tena. Nikajiambia jenereta haina nguvu. Pembeni ya gavana, kile kidhibiti cha mbio za injini, kuna skrubu ndogo yenye springi, na bisibisi ilikuwa mfukoni. Nikakaza kidogo. Mlio ukapanda, taa ikang'aa kama ya duka la simu. Nikakaza tena.

Kwa nusu saa nilikuwa shujaa. Halafu friji ikapata baridi yake, ikajizima. Injini ikapiga yowe kama punda aliyetuliwa mzigo ghafla. Sebuleni nikasikia "pa!", kisha mke wangu akaniita kwa majina yangu yote matatu.

Asubuhi nilimwita fundi wetu, mzee asiyependa maneno mengi. TV hakuigusa. Alitoa mita. "Washa, kijana wangu. Usichomeke kitu."

Volti 304. Akabadilisha kipimo: hezi 57.

"Stima yetu ni volti 240, hezi 50. Injini hii ikizunguka mara 3,000 kwa dakika ndiyo unapata hiyo 50. Wewe umeikimbiza. Na haina AVR, kile kifaa cha kutuliza volti; ni kapasita tu. Mbio zikipanda, volti nazo zinapanda."

Nikajitetea kwamba TV ilikuwa kwenye ekstensheni ya kuzuia saji, yaani volti zinazoruka ghafla, tena ya bei. Akaifungua palepale. Ndani mlikuwa na kisahani cha buluu, hakizidi kidonge cha kutafuna, kimepasuka katikati, kingo nyeusi, kinanuka mpaka nikarudisha kichwa nyuma.

"Hiki kinameza mshtuko wa kufumba na kufumbua, kama ule wa radi," akasema. "Volti zikizidi na zikae hapo juu, kinajipika." Friji, kumbe, iliponea kwa kuwa kompresa ilikuwa imezima wakati huo.

"Na kule kukohoa, Mzee?"

"Kabureta imeziba."

Yaani nilikuwa nimetibu ugonjwa ambao haukuwepo. Aliisafisha kwa petroli na waya mwembamba, kisha akalegeza skrubu yangu polepole, macho kwenye mita wala si kwenye injini. Mimi usiku kucha nilitumia masikio. Alisimama kwenye 52. "Ikiwa tupu, hapa. Ukipakia mzigo itashuka yenyewe karibu na 50."

Akaniagiza niende Luthuli Avenue, mjini, nikanunue friji gadi, moja ya friji na nyingine ya TV, kama nitapata TV. Kifaa hicho hukata volti zikizidi au zikipungua mno, na kabla ya kurudisha husubiri dakika kadhaa ili kompresa isishtuliwe. Akaongeza kimita cha kuchomeka, chenye tarakimu nyekundu, nikione kila niwashapo.

Nilikuwa naibeba TV kuipeleka stoo, jirani alipochungulia juu ya ukuta.

"Imekuwaje tena?"

"Stima, Mama. Imerudi na nguvu nyingi, ikaichoma."

Akaigeukia nyumba yake, akaitazama taa ya barazani.

"Stima gani, baba? Si hata haijarudi?"