Majani mekundu kabla ya mvua

Oktoba, Tabora. Mvua bado. Ardhi imekauka kama tofali, na majivu ya nyasi zilizochomwa yanatimka kila unapokanyaga. Lakini miyombo, miti ya mapori ya huku, imekwisha chipua. Mgeni anayepita na gari hudhani miti inakauka, kumbe wekundu ule ni wa majani ya siku chache tu, ambayo mti umeyatoa kwa maji uliyojiwekea, bila kungoja mawingu. Rangi yenyewe haikai: nyekundu inageuka ya shaba, kisha kijani. Anayesema atakuja na kamera mvua zikishaanza, amekwisha chelewa.

Huku magharibi jua linachelewa kidogo, linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Kuanzia hapo hadi saa mbili ndiyo kazi. Baadaye mwanga unashuka wima, na moshi wa mapori unafifisha kila kilicho mbali. Picha za mandhari mwezi huu ni kumaliza chaji bure, sogea karibu.

Jani jekundu linaidanganya kamera. Kamera inapima mwanga kwa wastani, wekundu unajaa kabla ya rangi nyingine, na jani linatoka kama kipande cha plastiki, halina mshipa hata mmoja. Punguza mwanga kwa theluthi mbili ya stopu, au stopu nzima (stopu ni kipimo cha mwanga: kushuka moja ni kuupunguza nusu). Kwenye simu, gusa jani kisha vuta alama ya jua chini. Simama mahali ambapo jua liko nyuma ya jani, si nyuma yako, uone mishipa inavyojichora yenyewe. Upepo ukivuma, weka kasi ya shata 1/500 ya sekunde na tundu la lenzi f/8, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 800. Chembechembe kwenye picha zinavumilika, jani lililotikisika halina dawa.

Halafu kuna suala la jina, maana miyombo si ya aina moja. Mtundu, yaani Brachystegia spiciformis, jani lake lina jozi chache za vijani vidogo, mara nyingi 4, na jozi ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote. Brachystegia boehmii ana jani kama unyoya, jozi zaidi ya 10. Shada jekundu peke yake, hata lipendeze vipi, halitoshi kumwambia mtu huo ni mti gani. Piga jani juu, jani chini, gome, mti mzima. Ganda la mbegu likiwa limeanguka chini, weka sarafu kando yake, ukubwa ujulikane.

Mninga unataka subira ya aina nyingine. Maua yake ya manjano hayadumu, lakini matunda makavu ya msimu uliopita huwa bado yananing'inia: duara, katikati pana miiba kama kishungi cha nywele ngumu, pembeni bawa jembamba limezunguka. Ukilipiga tunda dhidi ya anga, bawa linapitisha mwanga na katikati panakuwa peusi. Pima mwanga kwenye bawa, uache miiba iwe kivuli. Ndivyo lilivyo.

Nyuki nao usiwafukuze. Lenga ua moja lililofunguka vizuri, funga fokasi hapo, ngoja; watarudi. Ila mzinga ukiwa umetundikwa juu ya mti, usisimame mbele ya tundu lake, maana hiyo ndiyo barabara yao. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani: mbung'o wanazipenda, ndiyo maana hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Begi la kamera jeusi? Lifunike kitambaa cha kaki.

Na yale majivu. Kabla ya kubadili lenzi, zima kamera, iinamishe mdomo ukitazama chini, mgongo uupe upepo, kazi yote uifanye ndani ya begi. Punje moja ikikaa kwenye kihisio, yaani sehemu inayopokea mwanga ndani ya kamera, kila picha ya anga itakuwa na doa mahali palepale.