Waliyoyasema wapigaji kuhusu gitaa langu la pedali

Gitaa langu lilifika mwezi Machi, baada ya kulisubiri miezi kumi na minne, likiwa ndani ya sanduku zito ambalo sikuweza kulipandisha ngazi peke yangu. Tangu siku hiyo nimewakaribisha nyumbani kwangu hapa Nashville, Marekani, wapigaji saba, mmoja mmoja, wakae nyuma yake, walipige watakavyo, kisha waniambie ukweli. Nilitaka kujua kama fedha zangu zilipotea. Jibu nililolipata si moja, na nimeona niliandike kwa Kiswahili kwa sababu ndugu zangu wa Nakuru wananiuliza kila wiki hicho chombo changu ni kitu gani hasa.

Aliyekulia bara ya Kenya, redio ya nyumbani ikicheza nyimbo za kantri, anaijua sauti yake hata kama hajawahi kukiona chombo chenyewe: ile sauti inayoteleza kutoka noti moja hadi nyingine kama mtu anayelia kwa adabu. Ni gitaa lisilopakatwa. Husimama kwa miguu minne kama meza nyembamba, na mpigaji huketi nyuma yake. Mkono wa kushoto hutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kumi, mkono wa kulia huzidonoa kwa kucha za bandia, mguu wa kushoto hukanyaga pedali tatu, mguu wa kulia huongoza pedali ya kuongeza na kupunguza ukubwa wa sauti, na magoti yote mawili husukuma nyenzo zinazoning'inia chini ya ubao. Katika mpangilio wa nyuzi uitwao E9, ambao ndio wa kawaida hapa Nashville, pedali ya kwanza hupandisha uzi wa tano na wa kumi kwa nusutoni mbili, yaani hatua mbili ndogo za sauti, na ya pili hupandisha uzi wa tatu na wa sita kwa nusutoni moja. Ukizikanyaga zote mbili kwa pamoja, kodi ya E, yaani noti zinazolia pamoja, inageuka kuwa ya A bila mkono wako kusogea.

Kuagiza gitaa la namna hii kwa fundi si ufahari wa siku hizi. Chombo chenyewe kilianza hivyo. Paul Bigsby wa California, ambaye watu wengi wanamjua kwa ule mkono wa kutetemesha sauti unaofungwa kwenye gitaa la kawaida, alikuwa akiunda magitaa ya pedali moja moja kwa watu waliomwendea, na mojawapo alimtengenezea mpigaji Speedy West mwaka 1948. Mpigaji Bud Isaacs pia alikuwa na la Bigsby, na alipolipiga katika wimbo wa mwimbaji wa kantri Webb Pierce uliovuma mwaka 1954, akikanyaga pedali huku nyuzi zikiendelea kulia, wapigaji wa nchi nzima walianza kuchokonoa magitaa yao ili wapate sauti ile. Viwanda vya Sho-Bud na Emmons vilikuja baadaye. Hata huko kiwandani matakwa ya mtu mmoja yalikuwa na nguvu: mpigaji Lloyd Green aliona shingo ya pili ya gitaa lake, yaani safu ya pili ya nyuzi, haimfai, akaiondoa na kuweka mto wa kuegemezea mkono mahali pake, na Sho-Bud wakaunda aina nzima kwa mfano huo.

Langu lina shingo moja, pedali tatu na nyenzo tano. Ubao wake ni wa mti wa mepo, umepakwa vanishi badala ya kufunikwa kwa fomaika, ile karatasi ngumu ya plastiki. Fundi aliniuliza urefu wangu kwa simu kabla ya kukata miguu na vyuma vya pedali, jambo lililonifanya nijione kama niliyekwenda kwa mshonaji suti.

Mgeni wa kwanza alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mpigaji wa studio aliyestaafu, ambaye kwake ana gitaa la Emmons la miaka ya 1960. Hakupiga noti hata moja kabla ya kuinama na kuchungulia chini. Alizipitisha kidole springi na fito zote, akatikisa kichwa, kisha akaketi. Baada ya robo saa alisema mashine ni safi mno, na kwamba usafi huo ndio ubaya wake. Hoja yake ilikuwa kwamba katika lile lake la zamani, kipande kinachoshika uzi hupumzika kwa kugota kwenye mwili wa gitaa, kwa hiyo mtetemo unaingia moja kwa moja kwenye chuma na ubao. Katika haya mapya, pamoja na langu, fito na springi ndizo zinazokishikilia, na kwa maoni yake mtetemo unapotelea humo.

Ni hoja nzuri, na nimeisikia kwa watu wengi. Lakini nilimwomba aje tena na gitaa lake. Tulirekodi vifungu vitano kwa kila gitaa, yeye mwenyewe akipiga, kwa amplifaya ileile na pedali ileile ya ukubwa wa sauti, kisha nikamchezea akiwa amegeukia ukutani, ataje ni gitaa lipi. Alikosea vitatu. Hakukasirika; alisema tu kwamba spika zangu ni mbovu, na huenda ni kweli. Mimi nadhani alikuwa akiisikia mikono yake mwenyewe, ambayo imepiga miaka hamsini na itatoa sauti ileile hata kwenye gitaa la kuazima.

Maoni ambayo nimeyathamini zaidi ni yale yanayoweza kupimwa. Mgeni mmoja, ambaye mchana ni fundi wa mashine za kiwandani, alikuja na kipimo cha kulinganishia nyuzi mfukoni. Nyuzi kumi zilizokazwa huvuta mwili wa gitaa kwa nguvu kubwa, na unapokanyaga pedali mvuto huo unaongezeka; ubao unapinda kidogo sana, usioweza kuonekana kwa macho, na nyuzi ambazo hukuzigusa zinalegea. Alipiga uzi wa nne peke yake, akausoma, kisha akakanyaga pedali mbili za kwanza na kuusoma tena. Ulishuka senti nne, yaani sehemu nne kati ya mia za nusutoni. Aliniambia kwamba amewahi kukuta magitaa ya majina makubwa yanayoshuka mara mbili ya hapo, na kwamba fundi wangu alistahili kulipwa kwa hicho tu. Hakusema neno lolote kuhusu sauti. Nilipomuuliza, alijibu kwamba sauti ni ya amplifaya, akaondoka.

Malalamiko ya kweli yalikuwa ya magoti, na karibu wote saba walikuwa nayo, kila mmoja la kwake. Dada mmoja anayepiga kanisani alisema pedali ni laini kuliko zote alizowahi kukanyaga, lakini wenzo wa goti la kushoto, ule wa kupandisha uzi wa nne na wa nane kwa nusutoni, umekaa mbali hata inambidi auwahi kwa kutupa goti. Nilikuwa nimeliona hilo tangu wiki ya kwanza nikadhani kosa ni la goti langu. Mwingine, mrefu, alisema wenzo huohuo umekaa mahali pake barabara. Kijana aliyejifunzia muziki wa Demola Adepoju, yule aliyelipiga gitaa hili katika bendi ya King Sunny Adé huko Nigeria, hakujali nyenzo hata kidogo. Alipiga karibu saa nzima kwa chuma na pedali mbili tu, akakata uzi wangu wa tatu, ambao kwa wembamba wake hukatika mara kwa mara, akasema gitaa ni zuri.

Nilimwandikia fundi kuhusu wenzo. Alinijibu kwa ukarimu kwamba urefu nilioutaja kwenye simu haukutofautisha urefu wa paja na wa mgongo, na kwamba kosa hilo tugawane. Alinieleza skrubu mbili za kulegeza. Nililipindua gitaa juu ya blanketi sebuleni, nikausogeza wenzo milimita nane upande wa kulia, nikalisimamisha tena na kulinganisha nyuzi upya. Yule dada alikuja Jumamosi, akapiga pambio tatu mfululizo bila kutazama chini.

Jumapili alikuja mzee. Aliketi, akaanza, na katika kifungu cha pili goti lake likaugonga wenzo kabla ya wakati. Alinyamazisha nyuzi kwa kiganja, akanitazama, akauliza, "Ni nani huyu aliyeligusa gitaa letu?"