Vidato 51

Februari 2014 mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, binti yetu alikuwa na miaka minne, na sote tuliishi katika chumba na sebule huko Pasua, tukichangia choo kimoja na wapangaji wengine wanne. Kwamba tuhame, hilo halikuwa na ubishi. Kilichotunyima usingizi ni pa kuhamia: nyumba ya vyumba vitatu yenye ua na mparachichi kule Msaranga, kwa shilingi 150,000 kwa mwezi, au vyumba viwili vidogo katika ghorofa ya tatu ya jengo la zamani katikati ya mji wa Moshi, karibu na Soko Kuu, kwa shilingi 200,000. Jengo hilo, kama mengi ya rika lake, halikuwa na lifti wala halikuwahi kuwa nayo.

Mimi ni mtu wa hesabu kwa kazi na kwa tabia, kwa hiyo nilikuwa nimekwisha kupiga mstari katikati ya karatasi, faida upande huu na hasara upande ule, na Msaranga ilikuwa ikiongoza kwa mbali. Jumamosi ile tulikwenda kuliona ghorofa ili tu tusije tukajilaumu baadaye. Mama mkwe, aliyekuwa ameteremka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, alisema hataki kuhadithiwa, naye atakwenda.

Dalali alitutangulia akizungumza bila kupumua. Binti yangu alihesabu vidato kwa sauti hadi ishirini, akaanza tena moja, ikabidi nimalizie mwenyewe: vilikuwa 51. Mke wangu alipanda taratibu, mkono mmoja ukutani na mwingine kiunoni. Mama mkwe alifika ghorofa ya pili, akakaa kwenye kidato karibu na mama mmoja aliyekuwa akipepea jiko la mkaa mlangoni pake, akatuambia tutangulie. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa amepata mtu wa kumuuliza maswali ambayo dalali asingeyajibu.

Vyumba vyenyewe vilikuwa vidogo kuliko nilivyotarajia. Chumba cha kulala kilikuwa na mita tatu kwa tatu, maana yake kitanda chetu cha tano kwa sita kingeingia, lakini kabati lingebaki sebuleni pamoja na kitanda cha mtoto. Jikoni mtu mmoja akigeuka, wa pili sharti atoke. Hata hivyo dari lilikuwa juu, kama walivyopenda mafundi wa zamani, na joto la Februari lililokuwa likituchoma barabarani halikuwa limetufuata ndani. Dirisha la kaskazini lilitazamana na Kibo, theluji yote nje, na dalali akaunyooshea mlima kidole kama kitu kilichomo katika mkataba. Ilipofika saa nne mawingu yalikuwa yameshaufunika, wala hakuutaja tena.

Nilikuwa nikipima ukuta kwa tepu niliposikia mke wangu akiita jina la mtoto kwa sauti ya chini mno, sauti ambayo mtu huitumia anapoogopa kumshtua anayemwita. Binti yetu alikuwa amepiga magoti kwenye kibaraza cha nje, kichwa chake kimepita kati ya vyuma viwili hadi nyuma ya masikio, akimtazama kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa machungwa huko chini. Hakuwa na hofu hata kidogo. Nilimshika kidevu, nikakigeuza kichwa upande, kikatoka kama kilivyoingia. Dalali alisema watoto wa hapa huzoea. Sikumjibu, na mpaka leo nadhani nilimstahi kupita kiasi.

Ndipo mama mkwe alipoingia, akaegemea mlango.

“Baba,” aliniambia, “maji ya hapa hupanda saa nane za usiku. Mchana hayafiki huku juu. Watu huamka kujaza madumu, na asiyeamka huteka chini akapandisha. Nani atapandisha?”

Swali hilo lilikuwa na historia. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na kliniki walikuwa wamekwisha kumwambia mke wangu kwamba akipasuliwa tena, kwa wiki sita asinyanyue kitu kizito kuliko mtoto mwenyewe. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukiongeza uzito wa chuma chake, hukaribia kilo 30. Nilihisi karatasi yangu imepata shahidi.

“Basi, mama, tuchukue Msaranga,” nikasema.

“Mume wangu,” mke wangu akasema, “hukuandika saa zangu mbili.”

Kweli sikuziandika. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 humpa mzazi likizo ya malipo ya siku 84, na akirudi kazini huruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kutoka mlango ule hadi ofisini kwake ni dakika sita kwa miguu. Kutoka Msaranga ni kusubiri daladala ijae, kwenda na kurudi, na saa mbili zimekwisha kabla mtoto hajashiba. Kwa mtoto wa kwanza alikuwa akikamua maziwa katika stoo ya ofisi, amesimama, mlango ameuzuia kwa mguu, mpaka mwezi wa tano yalipokauka. Nilikuwa najua habari hiyo. Nilichokosa ni upande wa karatasi wa kuiandika, kwa kuwa nilikuwa nikipima nyumba tu.

Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akaamua kama mtu anayegawa nyama. Miezi mitatu ya mwanzo ni yake: binti yake atakaa Kibosho, anywe mtori, asiguse ndoo, na mtoto akilia usiku watamzungusha migombani, jambo ambalo huku juu haliwezekani. Siku 84 za serikali, alisema, ni pungufu kidogo tu ya miezi mitatu ya Wachaga. Akianza kazi, ahamie hapa, na mama wa ghorofa ya pili ameshakubali kumwangalia mtoto. Kwamba maji ya usiku yangekuwa yangu peke yangu, hilo halikuhitaji kusemwa. Likizo ya baba katika sheria hiyohiyo ni siku tatu.

Dalali alitaka kodi ya miezi sita mbele na ya mwezi mmoja kwa ajili yake: shilingi 1,400,000, ilhali nusu ya miezi hiyo mke wangu asingekuwamo. Iliniuma, lakini nilitia saini. Kuhusu vile vyuma, mwenye nyumba alijibu kwa simu kwamba mpangaji akitaka kurekebisha, gharama ni zake.

Jumapili nilirudi na wavu wa chuma na waya wa kufungia, nikaushona kwenye kibaraza kuanzia sakafuni hadi kifuani kwangu, vidole vikichubuka. Nilipomaliza nilimwita binti yangu ajaribu. Aliinama, akasukuma kichwa hapa, akasogea, akasukuma pale, safari hii akihesabu matundu, kisha akanigeukia amekasirika, paji la uso limechorwa vijiraba vya wavu.