Tope la Lukaya kwa skeli ya 1/35

Magurudumu ya kifaru changu cha modeli yameliwa na minyororo yake yenyewe.

Mtengenezaji aliweka minyororo ya plastiki laini kwenye mfuko mmoja na magurudumu ya plastiki ngumu. Plastiki laini huwa laini kwa sababu imechanganywa na kemikali ya mafutamafuta, na kemikali hiyo haitulii. Huvuja polepole mwaka hadi mwaka, na ikigusa polistirini, yaani ile plastiki ngumu, inaiyeyusha. Boksi lilikaa kwenye stoo ya mtu huko Ujerumani mpaka binamu yangu akalikuta gulioni kwa bei ya chakula cha mchana, kisha likasafiri kwenye kontena pamoja na friji na magodoro yake hadi bandari ya Dar es Salaam. Joto la kontena mnalijua. Nilipofungua, alama za mnyororo zilikuwa zimejichora kwenye ukingo wa magurudumu, pingili kwa pingili, na palipogusana sana plastiki ilikuwa imelainika kiasi cha kuacha alama ya ukucha.

Kwa msiojua, hii ndiyo shughuli yangu ya usiku: kuunga modeli za magari ya kijeshi. Mke wangu huita "vidude vyako". Safari hii nataka kifaru cha Type 59 cha Vita vya Kagera, kikiwa Lukaya, kule Uganda palipopiganwa. Type 59 ni T-54A ya Kirusi iliyoundwa na Wachina kwa leseni, na jeshi letu lilikuwa nayo. Seti nzuri za kifaru hiki zipo siku hizi, tena za kutoka China kwenyewe, lakini nikijumlisha usafirishaji na ushuru naanza kuwaza ada za shule. Kwa hiyo nimechukua hiki kizee, ambacho juu ya boksi kimeandikwa T-55, kikiwa na picha ya kupendeza sana: moshi, vumbi, kamanda ametoa kichwa nje. Aliyechora ile picha na aliyechonga kalibu, lile chuma la kumiminia plastiki, hawakuwahi kukutana.

Kwanza, mpangilio wa magurudumu. Ukoo mzima wa T-54 na T-55 una magurudumu makubwa matano kila upande, na kati ya la kwanza na la pili kuna nafasi pana inayoonekana hata ukiwa mbali. Hiyo ndiyo sura ya kifaru hiki. T-62 aliyemfuata nafasi zake pana ziko nyuma, na kwa alama hiyo tu watu hutofautisha picha zenye ukungu. Seti yangu imegawa nafasi karibu sawasawa. Ukikiangalia unahisi kuna kitu hakipo sawa kabla hujajua ni nini.

Pili, upana. Kifaru cha kweli kina mita 3.27. Skeli ya 1/35 maana yake ukigawa kwa 35, unapata milimita 93 na ushee. Changu kinazidi hapo kwa karibu milimita nne, na sababu yake ukikigeuza unaiona chini ya bodi: tundu la swichi na vishikio vya mota. Hiki kilitengenezwa kitembee. Mtoto aweke betri, kiupande mto wa kochi, kianguke. Bodi ilinenepeshwa ili betri zienee. Wala si ajabu, maana hata skeli yenyewe ya 1/35 ilizaliwa kwa betri. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitoa kifaru cha Kijerumani cha Panther chenye mota ndani, na ukubwa wake ulipangwa ili betri ziingie vizuri. Hesabu ikaja kupigwa baadaye, ikaonekana ni kama moja kwa thelathini na tano, na viwanda vingine vikafuata. Skeli ya ndege, 1/72, angalau ina hesabu ya kueleweka, futi sita kuwa inchi moja. Sisi wa vifaru tunaishi ndani ya kipimo kilichoamuliwa na betri za tochi.

Sasa mtu ataniuliza, kwa nini kitu kibovu namna hii bado kinauzwa? Kwa sababu kalibu ni chuma cha gharama kubwa, na chuma hakifi upesi. Kampuni inafilisika, kalibu inauzwa, boksi linapewa picha mpya, mzigo unarudi sokoni. Mfano ninaoupenda ni wa kampuni ya modeli ya FROG ya Uingereza. Ilipokufa katika miaka ya 1970 kalibu zake nyingi zilikwenda Urusi ya Kisovyeti, zikatoka tena kwa jina la Novo. Ila Wasovyeti hawakutaka ndege za Ujerumani, Japani na Italia, wale maadui wa vita kuu, kwa hiyo kalibu za hizo zikaenda kwa kampuni nyingine, Revell. Hata plastiki ilikuwa na siasa.

Na kalibu ikizeeka inaanza kuvuja. Nusu zake mbili hazifungi tena sawasawa, plastiki ya moto inapenya katikati na kuganda, kila kipande kinatoka na utando mwembamba pembeni. Vipande vidogo kwenye seti yangu, vile vishikio vya mlangoni na kulabu za kuvutia, vimezama ndani ya utando kiasi kwamba huwezi kusema kipande kinaishia wapi. Kukisafisha kishikio kimoja ni kazi kubwa kuliko kukitengeneza. Nimevitupa vyote, nikakunja vipya kwa waya wa shaba uliotoka kwenye kebo ya simu. Kisha kuna mibonyeo: mahali plastiki ilipokuwa nene, ikipoa inanywea na kuacha shimo juu. Na kuna alama za duara, zilizoachwa na pini zinazokisukuma kipande kitoke kwenye kalibu, na hapa mchongaji alifanya makusudi kuziweka pale jicho linapotua, juu ya mfuniko wa dereva.

Mtutu ndio ulionishinda kabisa. Umekuja kwa nusu mbili, na nusu moja imekaa pembeni ya mwenzake kwa kiasi cha unene wa ukucha. Ukiusaga kwa msasa mpaka mshono upotee, duara linapotea pia, unabaki na mtutu wa yai. Nilikwenda Kariakoo kwa mafundi redio nikanunua antena ya redio mbovu, ile ya kuvuta. Kila kipande chake ni bomba jembamba kuliko lililotangulia, duara safi, na lina tundu tayari. Mzinga wa milimita 100 ukigawanya kwa 35 tundu lake halifiki milimita tatu, na kwenye antena kuna kipande kinachokaribia hapo vizuri kabisa. Kile kivimbe cha karibu na mdomo wa mtutu, kinachonyonya moshi usirudi kwa askari, nimekikata kwenye mtutu wa zamani, nikakitoboa katikati na kukivalisha kwenye antena. Fundi redio aliniuliza natengeneza nini. Nilimwambia mzinga. Akaongeza bei.

Kichwa cha kifaru kwenye seti ni laini kama bakuli la chai. Cha kweli kilimiminwa kiwandani, uso wake una mikwaruzo na vipele unavyoweza kuvihisi kwa kiganja. Kwa hili dawa ninayo na ni rahisi: puti ya gereji, ile ya kuzibia magari yaliyogongwa, unaipaka nyembamba sana na kuigonga kwa mswaki mkavu kabla haijakauka. Halafu msasa wa maji, kidogo tu, vile vipele vilale. Type 59 inahitaji pia kifuniko cha feni, kile cha mviringo mbele ya mlango wa mpakiaji, upande wa kulia. T-55 haina, na ndiyo njia nyepesi ya kumtofautisha na T-54. Nimeweka kichwa cha pini ya ubao wa matangazo. Kipimo kimekubali bila kusagwa, jambo ambalo hakuna kipande cha ndani ya boksi kilichoweza.

Watu wakiona haya hunipa sifa moja, kwamba nina subira. Sina. Kwenye foleni ya benki mimi ndiye ninayeguna. Kuna seti mbili nzuri sana juu ya kabati, zawadi, za kiwanda kinachoheshimika, na sijazifungua. Nimekwisha kuona watu wakiziunga: kila kipande kinaingia mahali pake kwa mlio mdogo, na unachofanya wewe ni kufuata namba. Mhandisi fulani huko amemaliza kufikiri kwa niaba yako. Kwenye boksi bovu hakuna aliyefikiri, kwa hiyo kila kitu ni uamuzi wako. Je, nirekebishe magurudumu? Ndiyo, nimekata mikono inayoyashikilia na kuihamisha, maana bila ile nafasi pana hakiwi kifaru hiki. Nirekebishe upana? Hapana. Ingenibidi nipasue bodi kwa urefu, niondoe milimita nne, nikate na madigadi, nikate na sahani ya mbele, na mwisho wa yote hakuna binadamu atakayekuja sebuleni kwangu na rula. Wapo waungaji ambao wangelipasua. Nawaheshimu kutoka mbali.

Turudi kwenye magurudumu yaliyoliwa. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa kuyajaza kwa uji wa plastiki, yaani mabaki ya fremu, vile vijiti vinavyoshikilia vipande, yaliyokatwakatwa na kuyeyushwa kwenye gundi. Lakini nilipotazama picha za vifaru vya kweli niliona jambo la kunifaa: mpira wa gurudumu hukatika na kumeguka vibaya sana ukipita kwenye mawe. Gurudumu lililoliwa linaruhusiwa. Kinachonisaliti ni mpangilio wa alama, kwamba zimepangana kwa umbali sawa. Kwa hiyo nimechukua wembe nikaharibu ule mpangilio, hapa nimeongeza kovu, pale nimejaza. Minyororo yenyewe ni mifupi na imekaza sana. Kifaru hiki hakina magurudumu madogo ya juu ya kubebea mnyororo. Sehemu ya juu hulala yenyewe juu ya magurudumu makubwa na kulegea katikati yake. Nimeufunga ulale kwa uzi mweusi wa cherehani. Ukitazama kwa pembeni huoni uzi.

Baba mdogo alikuja Jumapili. Kwenye vita alikuwa dereva wa lori, akibeba mafuta nyuma ya mstari, na hana tabia ya kunyamaza. Ukimpa chai tu tayari mko Masaka. Nikamwamkia, akaitikia huku macho yako kwenye meza.

"Hiki ndicho umesema cha kwetu?"

"Ndicho, baba mdogo."

Akavaa miwani, akakizunguka. Bado hakikuwa na rangi, kimejaa mabaka ya puti na antena inang'aa.

"Mbona kitupu? Kifaru cha vitani kina mizigo, wewe. Maturubai, matawi, sufuria, madumu ya maji. Watu wanakaa humo."

Kisha akaona kopo la udongo mwekundu nililoliweka tayari. Niliuomba kwa mtu wa Bukoba akaniletea kwenye mfuko wa sukari, nimeuchekecha kwenye soksi ya nailoni, tayari kwa kuchanganya na gundi nyeupe. Nilikuwa najivunia udongo ule kuliko kifaru.

"Huu wa wapi?"

"Wa Kagera."

"Kagera sawa. Lakini umesema unataka cha Lukaya." Akaweka kikombe chini. "Lukaya ni mafunjo matupu, barabara inapita katikati ya kinamasi. Tope lake jeusi, linanuka. Tulikaa nalo kwenye viatu mpaka Kampala."

Nami sikuwa na la kujibu, kwa kuwa Lukaya ndiyo niliyoitaka. Ilikuwa Machi 1979, tarehe 10 na 11. Majeshi ya Amin pamoja na Walibya waliwasukuma wanajeshi wetu wa brigedi ya 201 nyuma, kesho yake brigedi ya 208 ikaingia kwa ubavuni na mambo yakageuka. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilikuwa imeanguka. Nimesoma hayo yote. Rangi ya tope sikuisoma popote.

Lakini baada ya yeye kuondoka nilikaa nikawaza njia. Kifaru hakikuzaliwa Lukaya. Kilipita Kagera, daraja la Kyaka likiwa limekwisha kulipuliwa tangu Novemba 1978, kikavuka mpaka, kikapita Mutukula iliyotwaliwa Januari, kikaenda Masaka iliyotwaliwa Februari. Ardhi ya huko kote ina wekundu wake. Kwa hiyo udongo wangu unabaki. Unakwenda chini, mkavu, kwenye kona za madigadi na mianya ya nyuma ambayo hakuna askari aliyepata muda wa kuisafisha, na tope jeusi linakuja juu yake, bichi, kuanzia kwenye magurudumu kupanda. Kwa bahati njema tope jeusi jingi kule chini litafunika nusu ya makovu.

Kilichobaki ni kulipata. Udongo mweusi wa bonde la Msimbazi una mchanga mwingi, lakini karibu na mto upo mfinyanzi, na Jumamosi nitashuka na kopo la maziwa ya unga. Na mizigo lazima iwepo, maana baba mdogo ameahidi kurudi kukagua. Turubai nitakunja kwa karatasi ya shashi iliyolowa gundi. Sufuria itabidi nichonge. Madumu yamo kwenye seti, mawili, na yote mawili yamebonyea ubavuni vibaya kwa sababu ya kalibu. Hayo nayapiga rangi hivyohivyo.