Mrehani umenenepa, harufu imekwenda wapi?

Chukua majani mawili ya mrehani: moja la mche ulio juani kutwa, jingine la mche uliopandwa chini ya mwembe. La mwembeni ni pana, laini, kijani cha kupendeza. La juani ni dogo, limejikunja kidogo pembeni, wala halivutii macho. Yafikiche. Mkono ulioshika lile dogo utanukia mpaka jioni.

Sasa geuza majani, uangalie upande wa chini kwa kioo cha kukuzia, hata kile cha fundi saa kinatosha. Utaona vitone vinavyong'aa, kila kimoja kimejikalia kwenye kishimo chake. Hivyo ni vifuko vya mafuta. Mrehani, kivumbasi, nanaa na rozimeri zote huweka mafuta yake hapo, nje ya jani, chini ya ngozi nyembamba sana. Vingi huanza jani likiwa changa; jani likitanuka, vinaachana. Ndiyo maana ncha changa hunukia kuliko jani kongwe la chini. Mchaichai ni habari nyingine: mafuta yake yamo ndani ya jani lenyewe, na unaweza kupita katikati ya shamba lake usisikie harufu ya maana mpaka panga lianze kazi.

Mafuta hayo mmea huyatengeneza kwa sukari uliyoipika kwa jua. Jua likipungua, kidogo kilichopatikana huenda kwanza kwenye kurefusha shina na kupanua jani ili mwanga ukamatwe, na mafuta husubiri zamu. Neti ya kivuli ya asilimia 50, yaani inayozuia nusu ya mwanga, ina kazi yake kitaluni, wiki tatu nne za mwanzo. Baada ya hapo itoe, kidogo kidogo kwa siku tano hivi, maana mche uliozoea kivuli ukitolewa ghafla majani huungua. Shambani mrehani unataka jua la moja kwa moja lisilopungua saa 6. Na kivuli kizito hakipunguzi kiasi tu, hubadilisha mchanganyiko wenyewe: linalooli, ile harufu tamu ya maua, hushuka, eugenoli, ambayo ndiyo harufu ya karafuu, nayo hushuka, na ndugu yake methili-eugenoli hupanda. Mnunuzi anayepima maabara ataliona hilo kabla hujafika nyumbani.

Pepaminti inahitaji onyo la peke yake. Miongozo yake mingi imeandikwa kwa nchi ambazo mchana wa kiangazi hufika saa 15 na zaidi. Kwetu, kuanzia Mombasa hadi Mbeya, mchana hauachani sana na saa 12 mwaka mzima. Kwa mchana mfupi namna hiyo pepaminti hutambaa, maua huyatoa kwa shida, na mafuta yake huwa na mentholi kidogo, ile yenye ubaridi inayotafutwa na wanunuzi, na mentofurani nyingi, ambayo huyashusha ubora. Hakuna mbolea inayoongeza saa za mchana. Kwa bustani ya huku ni heri nanaa ya chai, ambayo harufu yake hutokana na kiungo kingine, karvoni, na haidai mentholi.

Tuje kwenye mbolea, ambako ndiko watu wengi hupotelea. Naitrojeni huongeza majani, hilo halina ubishi. Lakini majani yakiongezeka haraka kuliko vifuko vya mafuta, kila kilo hubeba mafuta machache zaidi. Piga hesabu ya mfano. Kitanda bila mbolea kinatoa kilo 1.2 za majani kwa mita ya mraba, mafuta asilimia 0.4: hiyo ni gramu 4.8. Kitanda chenye mbolea ya kiasi kinatoa kilo 2 zenye asilimia 0.3: gramu 6. Kitanda kilichojaziwa kinatoa kilo 2.3 zenye asilimia 0.22: gramu 5 na kidogo. Cha tatu ndicho kizuri kwa macho, kimekula mbolea nyingi kuliko vyote, na mafuta kimeshindwa na cha pili. Ukiuza vifungu vibichi sokoni, kitakupa pesa. Ukikamua mafuta kwa mvuke, umelipa gharama ya kuchemsha maji yaliyomo kwenye majani.

Kwa kitanda cha mita 1 kwa 10, miche ikiwa sentimita 30 kwa 30, anza na kilo 20 za samadi iliyooza vizuri, uichanganye na udongo wa juu sentimita 15, wiki mbili kabla ya kupanda. Mbolea ya kukuzia, CAN (mbolea ya chengachenga yenye naitrojeni na kalsiamu), isizidi gramu 225 kwa msimu wote, na igawe mara tatu: gramu 75 wiki ya tatu baada ya kuhamisha miche, 75 baada ya mkato wa kwanza, 75 baada ya wa pili. Hiyo ni karibu kijiko kimoja cha chai kwa miche saba. Ndiyo, kidogo hivyo. Ukitumia urea, kila mara weka gramu 43 tu, kwenye kifereji umbali wa sentimita 5 kutoka shinani, ufukie na kumwagilia siku hiyo hiyo. Ikiachwa juu ya udongo hugeuka hewa ya amonia na kukupotea. Kwa sababu hiyo hiyo usichanganye majivu na mbolea hizi. Udongo wako ukiwa mzuri, nusu ya kiasi hicho inatosha.

Aliyezidisha hujulikana: pingili ndefu, shina linalolala mvua ikinyesha, vidukari kwenye ncha, ukungu chini ya majani, na majani yanayokuwa meusi wakati wa kukausha. Lakini si kila umanjano ni njaa ya naitrojeni. Majani ya chini yakipauka yote, sawa, ni naitrojeni. Kingo za majani ya zamani zikikauka kahawia, hasa kwenye mchanga wa pwani, tafuta potasiamu. Majani mapya yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, kwenye udongo wa matumbawe, ni chuma kilichofungwa na chokaa. Hapo CAN ni kupoteza pesa, samadi na mboji husaidia zaidi.

Mchaichai hula zaidi kwa sababu unakatwa mara kwa mara. Mkato wa kwanza ni miezi 4 hadi 6 baada ya kupanda, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, kisha kila miezi 2 au 3, na mbolea ifuate kila mkato.

Wiki tatu kabla ya kuvuna, acha naitrojeni kabisa. Mrehani wa kula uvune kabla ya maua. Wa mafuta usubiri maua yafunguke. Kata asubuhi umande ukishakauka, jua halijawa kali.

Baada ya hapo jua, lililokuwa rafiki, lazima likae mbali. Tandaza majani kivulini juu ya chekecheke za wavu, unene usizidi sentimita 3, joto lisipite nyuzi 40. Yageuze kwa mikono miwili taratibu, usiyasugue, kwani vifuko viko nje na vinapasuka. Chumba cha kukaushia kikinukia mpaka barabarani, basi joto limezidi: angalia kipimajoto kilichoning'inizwa karibu na bati, si kile cha mlangoni.